Gia Boksi Imekufa, au Fundi Kachoka?

Kirikuu yangu, Suzuki Carry ya mtumba, haikumaliza wiki mbili mikononi mwangu ikaanza kusaga meno. Rivasi inalia kama bati linaloburutwa kwenye zege, namba moja mpaka uibembeleze. Fundi wa kwanza hakunyanyua hata kiti, na injini iko humo humo chini ya kiti. "Bosi, gia boksi imekufa. Katafute ya mtumba Kariakoo."

Imekufaje? Nilizima injini nikapitisha gia zote: zikaingia kama kijiko kwenye uji. Nikawasha, ugomvi ukarudi. Basi mtuhumiwa ni mwingine. Injini ikizimwa, shafti inayoingia kwenye gia boksi imetulia. Ikiwaka, wa kuituliza ni klachi. Klachi isiyoachia sawasawa inaiacha ikizunguka, meno yanakutana yakiwa mbioni. Rivasi hulia kuliko zote kwa sababu kwenye magari mengi haina sinkronaiza, ile pete inayosawazisha mwendo kabla meno hayajashikana. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, ndipo utie rivasi. Ikilia bado, usinunue gia boksi ya mtu.

Carry huvuta klachi kwa kebo, na kebo hurefuka. Kwa gari ambalo klachi yake inatumia mafuta, pampu pedali mara mbili tatu: gia zikilainika ghafla, kuna hewa ndani au silinda inavuja.

Fundi wa pili, aliyekuwa anamenya muhogo kivulini, akanishauri oili nzito, 140, "inaficha kelele." Kwenye kuficha hakusema uongo. Ila pete ya sinkronaiza hufanya kazi kwa kusuguana, na lazima iikate oili kwanza ndipo ishike. Oili ikiwa nzito kama asali, gia za asubuhi zinakuwa ngumu zaidi. Na iliyoandikwa GL-5 usiimimine penye kuhitaji GL-4 kwa kuwa tu duka halina nyingine; dawa zake zinaweza kuitafuna shaba ya pete hizo. Kitabu cha gari kimetaja namba, kifuate.

Eti oili ya gia boksi haibadilishwi, imefungwa tangu Japani! Yangu ilitoka nyeusi tii. Vumbi laini la chuma halinitishi. Kipande cha jino ndicho kingenikosesha usingizi.

Waliosema Kirikuu hazidumu nawapa nusu ya haki. Kwao Japani mzigo wake ni kilo 350, yaani mifuko saba ya saruji. Hapa nimeiona ikipanda Kimara na ishirini, dereva ameshikilia klachi nusu mlima mzima. Pleti gani itavumilia? Na kama klachi ni nzima lakini gia moja tu, mara nyingi namba mbili, inakwaruza ukibadilisha haraka, hapo pete yake imelika. Hiyo haina njia ya mkato, gia boksi inafunguliwa.

Fundi wa tatu alilala chini ya gari na spana, akatoka na kebo ya klachi: nyuzi zimekatika karibu zote, ncha imechanua kama ufagio. Akafunga mpya, akarekebisha nati, rivasi ikaingia kimya. Namba mbili bado hunikoromea nikiwa na haraka.