Juu ya Neno Uchochezi

Katika maneno yote ya Kiswahili yatumiwayo kumtia mtu hofu, sidhani kama liko lenye kazi nyingi kuliko neno uchochezi. Mwizi huitwa mwizi baada ya kuonekana na mali ya watu. Muuaji huitwa muuaji baada ya maiti kupatikana. Mchochezi hahitaji maiti wala mali iliyopotea. Yatosha aseme neno, na mkubwa mmoja asilipende. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mwanasheria, na huenda nikaambiwa kwamba nimevuka mpaka wa kazi yangu. Lakini neno hili lilikuwa letu kabla halijawa la polisi. Lilichukuliwa jikoni kwetu likapelekwa mahakamani, nasi tukanyamaza kama watu walioazimwa kinu wasiulize kitarudi lini.

Kuchochea, kwa asili yake, ni kazi ya jikoni. Mpishi husukuma kuni katikati ya mafiga, hutenga majivu, hupuliza kaa lililokaribia kuzimika hata likawaka tena. Mwenye taa huchochea utambi ili mwanga uzidi. Kutoka huko ndiko neno lilikopanda mpaka kwenye ugomvi wa watu. Basi na tulitazame vema kabla hatujalitumia. Kuchochea kwahitaji vitu viwili vilivyokwisha kuwapo, kuni na moto. Mchochezi hakuzikata kuni, wala moto si wake, vyote alivikuta. Mpeleke mtu kwenye jiko la baridi, lenye majivu ya juzi, umpe kichocheo: atachochea mpaka magharibi asipate hata moshi. Kwa hiyo kila serikali isimamapo mbele ya hakimu kumshtaki mtu kwa uchochezi, yakiri bila kujua kwamba pana moto chini ya chungu, na kwamba moto huo uliwaka kabla mshtakiwa hajafika. Yapasa swali la kwanza liwe: nani aliyezikata kuni hizi, na nani aliyeuwasha? Swali hilo sijasikia likiulizwa. Huulizwa tu ni nani aliyeonekana ameinama karibu na mafiga.

Hata neno fitina, ambalo wazee wetu walilipenda zaidi, lina moto ndani yake: katika Kiarabu asili yake ni kuitia dhahabu motoni ili safi ijitenge na taka. Ni jaribio kabla ya kuwa kosa. Hilo nalo tumelisahau.

Sheria yenyewe haikuzaliwa kwetu. Ililetwa na Waingereza. Hadi mwaka 1930 sheria ya jinai iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa ile ya India, ambayo iliwekwa kwa ajili ya watu waliotawaliwa bila kuulizwa. Chini ya sheria hiyo, mwaka 1922, Gandhi alishtakiwa mjini Ahmedabad kwa kuwafanya watu wasiipende serikali. Hakujitetea. Alikiri, akamweleza hakimu kwamba mapenzi si kitu cha kutengenezwa kwa sheria. Akapewa kifungo cha miaka 6. Tazama vile kosa lilivyoelezwa: kuamsha chuki, au dharau, au kutoridhika juu ya serikali. Kutoridhika! Yaani mtu aliyelala na njaa akisoma katika gazeti kwamba amelala na njaa, mwenye kosa ni gazeti. Mkoloni alikuwa na sababu ya kuandika hivyo, maana alijua hakupendwa, na asingeweza kupendwa. Sheria ilikuwa badala ya ridhaa.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisimamishwa mahakamani Dar es Salaam kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili. Kosa liliitwa kashfa; akahukumiwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi 6, akalipa faini. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika walitiwa gerezani, wao kwa uchochezi hasa. Mtu angalidhani kwamba watu walioonja sheria hii kwa ulimi wao wangaliitupa baharini siku bendera ilipopandishwa. Haikuwa hivyo. Mwenye nyumba alipohama aliacha fimbo nyuma ya mlango, na aliyehamia hakuitupa, aliipaka mafuta. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ililibeba kosa la uchochezi, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ikalipokea kwa mikono miwili. Fimbo ni ile ile, bali sasa yaitwa yetu.

Lakini kisa ambacho kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili yampasa akijue kwa tarehe zake ni cha Kenya. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, mwenye umri wa miaka 22, aliandika karatasi yenye jina Kenya: Twendapi? Angalia kwamba jina lake ni swali. Aliuliza nchi inaelekea wapi wakati chama cha upinzani, KPU, kilipokuwa kikibanwa kila upande; mwaka uliofuata kilipigwa marufuku kabisa. Jibu alilopewa ni gereza miaka 3, kwa uchochezi. Humo alikaa peke yake, akatunga mashairi akiyaandika juu ya karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, na mashairi yake yakachapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji. Nimewahi kuwaona wasomi wakilicheka jambo hili kama kichekesho cha historia. Mimi silicheki. Laonyesha kwamba nchi ile ile iliyoyaogopa maneno yake katika karatasi ya kugawiwa barabarani iliyapenda yalipofungwa ndani ya jalada na kuuzwa kwa wasomi. Karatasi ilisomwa na mchukuzi wa bandarini. Kitabu kilisomwa na sisi. Sisi hatuogopwi.

Baada ya kutoka gerezani alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili miaka ile ya sabini. Taasisi hiyo ndiyo iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Nafikiri mara kwa mara juu ya hilo: mtu aliyefungwa kwa ajili ya maneno, kazi aliyoipata ni ya maneno.

Wako watakaoniambia, na wameniambia, kwamba kumkosoa mkubwa hadharani si mila yetu; kwamba Mwafrika, na hasa Mswahili, husema kwa adabu, tena faraghani, na kwamba kelele hizi za haki zimetoka Ulaya. Hoja hii husemwa kwa sauti ya upole, na kwa sababu hiyo huwapata wengi. Nawauliza: ni Mswahili gani huyo? Je, ni Muyaka bin Haji, ambaye katika siku za Wamazrui wa Mombasa aliyafanya mashairi kuwa silaha dhidi ya nguvu ya Sayyid Said na wote waliomfuata? Au ni Fumo Liyongo? Utenzi wake, kama alivyouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hufundishwa katika vyuo vyetu kila mwaka, nasi huuliza katika mtihani habari za vina na mizani. Tungeuliza pia habari za mkate. Mfalme wa Pate alimwogopa Liyongo, akamfunga minyororo. Liyongo akatuma ujumbe kwa mama yake kwa njia ya kijakazi Saada, tena kwa wimbo, ili walinzi wasikie wasifahamu. Mama akapika mikate mizuri, na mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa akatia tupa. Walinzi wakala mizuri, wakamwachia mfungwa wishwa. Kisha ngoma ya gungu ikapigwa, watu wakaitikia, na katika sauti hiyo ya ngoma Liyongo akaikata minyororo yake.

Huo ndio utenzi tunaouita urithi. Ndani yake mfalme ndiye mwenye hofu, gereza ndilo dhulumu, na wimbo wenye maana mbili ndio chombo cha wokovu. Kama kutomkosoa mkubwa ndiyo mila, basi yatupasa tuufute utenzi huu katika masomo, na tuseme wazi kwa nini. Na adabu isemwayo, ambayo mimi naiheshimu, ni ya namna ya kusema. Haikuwa kamwe amri ya kutosema. Baba zetu walipotaka kumwambia jumbe kwamba amepotoka walifumba neno, lakini walilisema, naye jumbe alilifumbua akalielewa.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, wala sitaikimbia. Huambiwa: kumbuka Rwanda. Nakumbuka. Redio RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka 1994 ilitaja watu wa kuuawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu watatu wa redio na gazeti kwa maneno yao. Wala haikukosea kuona kwamba neno laweza kuua. Lakini tazameni redio ile ilikuwa ya nani. Haikuwa ya wanyonge waliokuwa wakiilalamikia serikali. Ilianzishwa na watu waliokuwa karibu na wenye enzi, wala wenye enzi hawakuifunga. Kumhimiza mtu akamwue jirani yake ni kosa, na liitwe kwa jina lake: kuhimiza mauaji. Mwenye kudhurika katika kosa hilo ni jirani. Katika kosa la kuifanya serikali isipendwe, mwenye kudhurika ni nani? Makosa haya mawili yametiwa katika kapu moja la neno uchochezi, na chini ya kivuli cha lile la kwanza, ambalo kila mwenye akili hulilaani, serikali hulipitisha lile la pili. Hapa ndipo lugha ilipoifanyia dola kazi ambayo polisi peke yao wasingeiweza.

Wenye sheria hiyo wenyewe wameiacha. Uingereza ililifuta kosa hilo katika sheria zake mwaka 2009. Kenya ililiondoa mwaka 1997, na mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikalitangaza kuwa kinyume cha katiba. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kwamba vifungu kadha wa kadha vya sheria ya Tanzania ya mwaka 2016, vikiwamo vya uchochezi, vimevunja mkataba wa Jumuiya. Hukumu hizo ni njema. Walakini sheria hufutwa mchana mmoja, na neno hubaki kinywani. Mkuu wa wilaya hahitaji kifungu cha sheria ili awaite wanakijiji wachochezi. Yamtosha neno, na wanakijiji wenzao hujitenga nao kabla ya jua kuchwa.

Ndiyo maana nasema jambo hili latuhusu sisi, watu wa Kiswahili, kabla ya wanasheria. Twajigamba kuwa walinzi wa lugha. Tukimsikia mtangazaji akikosea upatanisho wa nomino na kitenzi, twaandika barua. Tukiona neno la kigeni limeingia bila hodi, twaitisha kikao. Je, ni kikao gani kilichoitishwa kwa ajili ya neno hili, lililokuwa likipikia chakula na sasa linapikia watu mashtaka? Nataka kamusi zetu ziweke wazi kwamba maana ya pili imetoka kwa mtawala, na kwamba mtawala ana faida ndani yake. Nataka mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya lugha ya siasa asishauriwe kutafuta mada nyingine, yenye usalama zaidi, kama ngeli za nomino. Nayajua mashauri hayo. Hutolewa kwa wema, chai ikiwa mezani, na mtoaji hurudi kwake akijiona amemwokoa mtoto wa mtu. Hakuna askari aliyetumwa. Mkono wa serikali ni mrefu, lakini katika vyuo vyetu hauna haja ya kunyooshwa. Sisi wenyewe huuazima vidole.

Sisemi haya nikiwa nimekaa juu ya watu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea insha juu ya Sauti ya Dhiki. Ilikuwa insha nzuri, iliyosomwa kwa bidii. Karibu na mwisho aliweka kalamu nje ya kitabu kwa sentensi mbili, akaeleza kwamba huko kwao watu waliouliza habari za mashamba yao yaliyochukuliwa waliitwa wachochezi, na kwamba yeye alilielewa shairi la Mamba siku ile aliposikia baba yake akiitwa hivyo. Nilizipiga mstari mwekundu sentensi zote mbili, nikaandika pembeni: hazihusu mada. Zilihusu kuliko yote niliyoyasema darasani muhula ule. Sikuwa nikiifikiri mada. Nilikuwa nikifikiri ni nani mwingine angeweza kuisoma insha ile. Aliiandika upya bila sentensi zile. Nilimpa alama za juu, naye akanishukuru kwa heshima, akanipa mkono. Nakala ya kwanza aliisahau mezani kwangu, na ninayo mpaka leo.