Marekani: Jamaa inayojilipia nyumba ya mzee ndiyo yenye sauti ndogo

Nchini Marekani, haki ya jamaa kumtetea mzee wao inategemea aina ya nyumba anamokaa. Katika vituo vya uuguzi, ambamo wagonjwa wanatunzwa usiku na mchana, sheria ya taifa ya mwaka 1987 inawaruhusu jamaa kuunda baraza lao. Kituo kinapaswa kuwapa mahali pa kukutania na kushughulikia malalamiko yao.

Kuna nyumba za aina nyingine: mzee ana chumba chake, anasaidiwa tu kuoga, kuvaa na kukumbuka dawa. Hizo hazimo katika sheria ya 1987, kwa kuwa sheria hiyo inafunga vituo vinavyopokea pesa za bima za serikali, Medicare na Medicaid. Huku, wengi wanalipa kutoka mfukoni. Yaani, anayejilipia mwenyewe ndiye mwenye ulinzi mdogo, na kila jimbo linajipangia kanuni zake.

Jimbo la Minnesota linaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kubadilika. Mwaka 2017, gazeti la Star Tribune lilifichua kwamba malalamiko mengi ya wazee kuteswa hayakuchunguzwa. Watoto wa wazee hao waliungana na kuwasukuma wabunge. Sheria ilipitishwa 2019, na tangu Agosti 2021 nyumba hizo zinahitaji leseni. Jamaa wanaweza kuunda baraza, na hata kuweka kamera chumbani, mradi mzee akubali, pamoja na mwenzake wa chumba kama yupo.

Kubwa zaidi ni katazo la kulipiza kisasi. Hofu ya jamaa nyingi ni hii: ukilalamika sana, mama anaambiwa ahame. Katazo hilo linamlinda pia mfanyakazi anayetoa taarifa, jambo linalowagusa Wakongomani waliopokewa Marekani kama wakimbizi na ambao sasa wanatunza wazee.

Lakini jamaa si msemaji wa moja kwa moja. Kwetu, mtoto mkubwa au mjomba anasema bila karatasi. Kule, mzee mwenye akili timamu anajisemea, na mtoto asiye na hati ya uwakilishi anaweza kunyimwa habari za ugonjwa wa baba yake.

Kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wazee, bila malipo, inayopokea malalamiko kutoka nyumba za aina zote mbili. Ofisi hiyo inapatanisha na kushauri; haina uwezo wa kutoza faini.