Mzee wa fidla, na yale aliyoyajutia

Mwezi huu tumkumbuke mzee mmoja wa siasa wa Marekani, Robert Byrd, maana habari yake inatugusa sisi wazazi.

Alizaliwa mwaka 1917. Mama yake akafa kwa yale mafua yaliyomaliza watu wengi duniani mwaka 1918. Mtoto akalelewa na ndugu wa ukoo, wakampa jina lao. Huko West Virginia, nchi ya milima na ya wachimba makaa ya mawe, akajifunza fidla, ala ya nyuzi inayopigwa kwa uta kama zeze letu. Alipoanza siasa mwaka 1946 akaibeba fidla yake kwa wapiga kura: kwanza muziki, halafu maneno. Akashinda. Mwaka 1953 akaingia bunge la taifa, na mwaka 1959 Seneti, akakaa humo miaka 51 mpaka alipofariki tarehe 28 Juni 2010. Hakuna seneta aliyedumu kama yeye. Mwaka 1978 alitoa hata santuri ya nyimbo za milimani, Mountain Fiddler.

Lakini jamani, tusidanganyane. Mtu huyo huyo, katika ujana wake, aliingia Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililotesa na kuua watu weusi, tena akaandikisha na wenzake. Mwaka 1964, akiwa seneta, alihutubia zaidi ya saa 14 kupinga sheria ya haki sawa.

Baadaye akageuka. Alisema wazi kwamba alikosa, akaomba msamaha mara nyingi, sio mara moja. Mwaka 2008 akamuunga mkono Barack Obama. Kwenye maombolezo yake Obama alikuja, akiwa Rais. Naye Bill Clinton hakuficha kitu, akalitaja lile kundi mbele ya waombolezaji wote.

Sisi tumekimbia vita ambamo majirani waliandikishana dhidi ya majirani. Watoto wetu wanauliza: babu alifanya nini wakati ule? Tunapenda kuwasimulia ngoma tu na harusi. Basi mengine wanayasikia bombani, tena yamechanganywa na chuki. Afadhali wayasikie kwetu, pamoja na habari ya nani alitubu na nani aliyemsamehe.

Mzungumze nyumbani, jioni, kwa upole. Tuonane mwezi ujao.