Saratani ya ini: hatari inayoanzia utotoni

Hapa Porte de Namur, mjini Brussels, mwenzetu wa Matongé akiugua saratani ya ini, minong'ono hutaja pombe. Ni hukumu ya haraka. Kusini mwa Sahara chanzo kikuu ni virusi vya homa ya ini aina ya B, vinavyopatikana aghalabu utotoni. Sumukuvu ya mahindi na karanga huongeza hatari. (Kaskazini mashariki mwa Thailand, minyoo ya samaki wabichi huleta saratani ya mirija ya nyongo.) Kenya ilianza kuwachanja watoto mwaka 2001, Kongo 2007, sisi tulishakuwa watu wazima. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linataka watoto wote wachanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Chanjo mseto huanza wiki ya sita, ilhali mama huweza kumwambukiza mwanawe anapojifungua.