Programu Njema Haijiuzi

Katika mahafali ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam, mgeni rasmi aliwausia vijana waliohitimu uandishi wa programu za kompyuta, hususan wale walioazimia kujitegemea pasipo kuajiriwa na mtu, kwamba wasijipe taabu ya kusaka wateja, kwani kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilighadhibika, na ghadhabu yangu haijapoa, kwa sababu nimewaona vijana hodari wakiushika usia kama huo, wakakaa chumbani na kompyuta zao wakingojea kubishiwa hodi, hata kodi ya chumba chenyewe ikawashinda.

Methali ile ni ya sokoni, na huko ina haki yake, maana embe hunuswa na huminywa kabla fedha haijatoka mfukoni. Lakini programu, ewe muungwana, mteja ataiminya wapi? Wema wake umesitirika ndani ya maandishi asiyoweza kuyasoma mwenye duka, na kadiri ilivyoandikwa vyema ndivyo isivyotajwa, kwani programu isiyokwama haina wa kuizungumza. Siku ya kuonyeshwa, njema na mbovu zina vitufe vilevile na rangi zilezile. Tofauti hudhihiri mwisho wa mwezi, hesabu zinapokataa kulingana, na malipo yamekwisha kutolewa. Basi mteja hununua uaminifu wa mtu anayemjua, na mtu hajulikani kwa kujifungia ndani.

Nilipoyasema hayo, mwalimu mmoja akanijibu, kwa yakini kubwa, eti soko la leo liko kwenye intaneti, na huko hakuna kujitembeza. Hoja dhaifu kuliko hii sijapata kuisikia. Upwork, soko mojawapo la huko, humtoza mwandishi wa programu tokeni ziitwazo Connects ili aruhusiwe kuomba kazi tu, apate asipate. Kujitembeza gani kunakozidi huko, tena kwa nauli? Na PayPal, inayopitisha malipo ya intaneti, kwa miaka mingi imemruhusu Mtanzania kulipa, kupokea ikamkatalia, nami sijawasikia wakubwa wanaohutubu juu ya uchumi wa kidijitali wakilikemea jambo hilo. Wala sijawasikia wakiyakemea makampuni yanayomwandikisha kijana programu nzima bila ujira, kwa jina la mtihani, kisha yakanyamaza kimya. Hiyo ni dhuluma, na haina jina jingine.

Namjua kijana aliyeupuuza usia ule. Alipita Kariakoo duka kwa duka, hata mwuza vitenge mmoja akamruhusu kuketi kando ya meza ya karani, akatazama madeni yakiandikwa kwa penseli, yakifutwa na kuandikwa tena, na malipo ya M-Pesa yakinakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu, mengine yakisahauliwa kwa wingi wa wateja. Jioni alimwonyesha mwenye duka, katika daftari lake mwenyewe, fedha zilizopotea tangu asubuhi, akamweleza programu atakayomwandikia, akadai nusu ya malipo kabla ya kuanza, naye akapewa. Duka la pili alilipata kwa kauli ya mwuza vitenge yule, na la tatu kwa kauli ya huyo wa pili. Na hapana hata mmoja katika hao watatu aliyepata kuisoma programu yake.