Arobaini ya mama anayekunywa methadoni

Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, Pwani nzima ililizungumza. Kilifi na Taita Taveta zikafuata, mambo yakafika mahakamani. Sawa. Lakini katika kelele zote zile sikusikia kiongozi akimtaja mama mja mzito anayetumia unga. Na tunamjua. Ni binti wa jirani, na tumbo likianza kuonekana mtaa wote humpa mgongo.

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalikosea. Mja mzito aliyezoea heroini akifungiwa chumbani "mpaka arosto imtoke", kama familia zinavyofanya kwa nia njema, mimba inaweza kuharibika au akazaa kabla ya siku zake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014, linashauri apewe methadoni au buprenofini, tena ahimizwe kunyonyesha. Mtoto huenda akazaliwa na arosto yake: hutetemeka, hulia sana, halali. Inatibika, na hutulia zaidi akiwa kifuani kwa mamake kuliko akitengwa.

Serikali haikukaa bure. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Malindi 2015, na Kisauni pia ipo. Ila utaratibu wake umepangwa kana kwamba wagonjwa wote ni wanaume. Kwa kawaida ni lazima ufike kila siku, unywe dawa mbele ya mhudumu. Sasa mwanamke amejifungua. Kwetu mzazi hukaa ndani siku 40, akandwe maji moto, apikiwe uji wa pilipili manga, asitoke. Huyu wetu afanyeje? Avunje arobaini, apande matatu na kichanga cha siku 3, kesho tena na kesho kutwa tena? Au akae ndani kama wenziwe, akose dawa, arosto impande, na aliye karibu wa kumtuliza ni muuza kete? Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi huanzishwa upya kutoka chini. Naamini hapa ndipo tunapowapoteza.

Wakubwa watasema dawa ikipelekwa nyumbani itauzwa, au mtoto ataionja. Hofu hiyo ina msingi. Methadoni kidogo tu huweza kuua mtoto. Kwa hivyo siombi chupa iachwe kabatini. Naomba muuguzi aifikishe, amwone mama akinywa, aondoke na chupa yake. Tangu Septemba 2023 tuna wahudumu wa afya ya jamii waliopewa vifaa, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hugawanywa baina ya kaunti na serikali kuu. Hawa wanazijua nyumba. Mmoja akimsindikiza muuguzi kwa zile siku 40, gharama si kubwa. Na kwa kuwa hupita kila nyumba, jirani hatajua wamefuata nini. Sitara hiyo, kwa Pwani, ni nusu ya matibabu.

Kuna pia gharama ya kujifungua. Enzi za Linda Mama, mja mzito alijifungua bila kulipa. Tangu Oktoba 2024, chini ya SHA, mchango wa chini ni 300 kwa mwezi, na asiye na ajira rasmi hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima: 3,600. Anayelala maskani atazitoa wapi? Kaunti imlipie, basi.

Lakini wengine hawafiki hospitali hata kukiwa bure, kwa kuogopa kunyang'anywa mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake. Idara ya watoto iandike waziwazi kwamba kunywa methadoni pekee si sababu ya kumtenga mama na mwanawe. Na pale bibi anapobaki na mjukuu, kama ilivyo nyumba nyingi, aingizwe Inua Jamii. Hizo 2,000 kwa mwezi ni kidogo, lakini zinanunua maziwa.

Huduma za methadoni nchini zimeegemea sana fedha za wafadhili, na Januari 2025 tuliona Marekani ikisimamisha misaada ghafla. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti huwa wazi kwa yeyote. Mimi nitakwenda na ombi moja, la siku 40, na ningependa akina mama wa mtaa wawe nami.