Mgeni Apewe Jembe, Asipewe Shamba

Kila mwaka wanachuo kutoka Ulaya na Marekani huja Uganda kujitolea kwa majuma machache katika shule za msingi. Nia yao hatuishuku. Tunalolipinga ni desturi hii: mgeni aingiapo darasani, mwalimu aliyesomea ualimu humwachia chaki, akaenda kusimama mlangoni.

Je, mgeni huyo atafundisha kwa lugha gani? Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, kila inapowezekana. Lugha hiyo mgeni haijui. Wala hajui Kiswahili, ambacho katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Hubakiwa na nyimbo na michezo. Watoto hufurahi, lakini akisha kuondoka, ni yule mwalimu wa mlangoni anayefidia masomo yaliyopotea, na heshima yake imekwisha kupungua machoni pa wanafunzi wake.

Tutaambiwa kwamba ukarimu ni mila yetu. Naam, lakini methali imkaribishayo mgeni siku mbili humpa jembe siku ya tatu. Haimpi shamba. Basi na ajifunze lugha kabla ya safari, awe chini ya mwalimu, awasaidie watoto walio nyuma. Na chuo kimpacho alama kwa safari hiyo kimwulize kwanza mwalimu aliyempokea. Asiyekubali masharti hayo ni mtalii, na watalii wana mbuga zao.